Mwaliko wa Bure, Sare ya Kununua

Aghalabu linapotajwa neno utamaduni, fikira za watu hukimbilia ngoma, ngonjera, vinyago vya mpingo na mavazi ya sherehe. Michezo hukumbukwa mwisho, na ikikumbukwa husemwa bao. Sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka mingi tuliyokaa katika utumishi wa serikali hapa Kibaha, tukiandika madokezo mchana na kutunga mashairi usiku, tuliamini kwamba kijana aliyeinamia simu hachezi, bali anaua wakati tu. Kuwa mle ndani ya simu mna wenzake, mna sheria, mna heshima na fedheha, mna hata michango kama ya harusi, hayo hatukuyajua. Tulifundishwa na tukio lililotokea kati ya nyumba yetu ya Kibaha na nyumba ya dada yetu ya Kisarawe. Ndilo tunalotaka kumsimulia msomaji, pamoja na hesabu tuliyolazimika kuifanya baada yake: mwenye fedha kidogo achague mchezo upi katika hii inayochezwa na watu wengi kwa njia ya intaneti?

Dada yetu mkubwa ni mjane, na ana mtoto mmoja tu. Mtoto huyo aliletwa kwetu akiwa na miaka kumi na mitatu ili asome sekondari pamoja na mwanetu wa mwisho. Walilala kitanda kimoja, wakavaa viatu vya mpira kwa zamu, na majirani wa Maili Moja wakawaita pacha ingawa mmoja ni mrefu na mwingine ni mfupi. Walipomaliza kidato cha nne mwaka 2022 wakatengana. Mwanetu akaendelea na chuo. Mpwa wetu akarudi Kisarawe, kwa kuwa mama yake alikwisha kugunduliwa kuwa na kisukari na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kisichotaka kupona.

Kwenye ramani, Kibaha na Kisarawe ni wilaya jirani za mkoa mmoja. Msafiri asiye na gari lake huona vingine. Hushuka kwanza hadi Mbezi, akabadilisha gari kuelekea upande wa Pugu, ndipo apande vilima kwenda Kisarawe. Na nauli ya kwenda na kurudi si ya kijana asiye na kazi. Kwa hiyo pacha wale walikutana simuni. Kila Jumamosi usiku tulimsikia mwanetu akipiga kelele ukumbini, "Nifunike, nifunike!" na sauti ya binamu yake ikimjibu kutoka Kisarawe kana kwamba yuko chumba cha pili. Tuliudhika kwa kelele. Hatukujua kwamba ndizo zilizokuwa zikiuweka udugu wao hai.

Kisha kaka yake mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, akamnunulia mwanetu simu kubwa yenye kioo kipana. Tulifurahi na kumwombea dua yule kaka. Hatukuuliza mpwa wetu naye atapata nini. Hili tunalitaja mapema, maana katika kesi tunayoisimulia sisi hatumo katika orodha ya mashahidi peke yake.

Mwezi wa Machi mwaka 2024, masika ikianza, dada alitupigia simu.

"Mdogo wangu, hujambo? Nakuuliza tu, usinielewe vibaya. Zile hela za kliniki mwezi huu umekwama?"

"Sijakwama, dada. Nilizituma tangu Jumanne kwa simu ya mtoto, kama kawaida. Elfu ishirini na nane."

Alinyamaza kitambo kirefu, halafu akasema, "Basi, nitamuuliza," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata jibu.

Jumamosi iliyofuata tukapanda gari. Barabara ya kutoka Pugu kwenda Kisarawe hupita kando ya msitu, kisha mikorosho hujitokeza, na hewa hubadilika ikawa ya baridi kidogo hata mtu wa Kibaha akaitambua. Tulimkuta mpwa wetu uani akimenya muhogo. Aliinuka, akatuamkia shikamoo, akarudi kuketi bila kutuangalia. Mama yake alikuwa ndani, mguu umewekwa juu ya kigoda, umevimba hadi kwenye kifundo.

Hatukupaza sauti. Tulimwomba kijana atuonyeshe simu yake. Akaifungua, akasubiri muda mrefu, maana ni simu ndogo na imechoka, kisha akatugeuzia kioo. Palikuwa na askari amesimama, amevaa koti jekundu lenye nakshi za dhahabu, kofia ya chuma, na mgongoni ana mabawa yanayometameta.

"Hii ndiyo kliniki ya mama, mjomba," akasema, na machozi yakamtoka.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Mchezo wenyewe, ambao jina lake hatulitaji, huingiwa bure. Kila aingiaye hupewa askari mwenye fulana na suruali. Ndani yake mna duka, na dukani mna mavazi yanayouzwa kwa sarafu za mchezo, na sarafu za mchezo hununuliwa kwa shilingi halisi kupitia watu wanaopokea malipo kwa simu. Mwanetu, baada ya kupata simu kubwa, alikuwa ameingia katika kundi la vijana wa mjini waliokwisha kuvaa. Usiku mmoja, mbele ya kundi zima, alimwambia binamu yake: "Wewe bado na nguo za bure?" Wakacheka. Jumamosi iliyofuata hakualikwa. Jumanne, pesa ya kliniki ikaingia.

Msomaji aliyekulia pwani hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Harusi za kwetu hazina kiingilio. Ukialikwa umealikwa, na wali utakula. Lakini kamati ya kina mama ikikwisha kuchagua kitambaa cha sare, mwaliko hubadilika tabia. Aliye na sare huketi mbele, hucheza katikati, hupigwa picha. Asiye nayo hula wali uleule, ila nyuma, karibu na masufuria. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemtoza. Tumewaona wanawake wenye akili timamu wakiuza kuku wa mayai ili wavae kitambaa ambacho hawatakivaa mara ya pili. Tukitaka kumlaumu kijana wa miaka kumi na tisa kwa mabawa ya dhahabu, yafaa tuwalaumu kwanza shangazi zake, na sisi wenyewe tuliotoa fedha za sare mara ngapi bila kunung'unika. Wenye michezo hii wala hawakuhitaji kutusoma sisi. Udhaifu huo uko duniani kote, nao wameujengea duka.

Tulirudi Kibaha na mpwa wetu. Dada alisisitiza. "Kaa naye wiki moja," akasema, "mzungumze. Mimi jirani ataniangalia." Kabla ya kuondoka tulimpa fedha nyingine ya kliniki, mkononi mwake safari hii.

Jioni ya kwanza tuliwakalisha vijana wote wawili ukumbini. Mwanetu alipoambiwa habari ya mguu wa shangazi yake hakujitetea. Mkewetu, ambaye ana busara kutushinda, ndiye aliyesema neno lililobadilisha mkutano: "Mkiwakataza watacheza kwa siri. Na wakiacha kabisa, watakutana wapi?" Kwa hiyo tukaacha swali la kucheza au kutocheza, tukaingia katika swali la mchezo upi, kwa kiasi gani, na pamoja na nani.

Sisi tumezoea utaratibu wa ofisi. Tukawapa karatasi na kuwaambia waandike dokezo: mahitaji, fungu lililopo, mapendekezo. Walicheka, kisha wakaandika. Fungu tuliliweka shilingi 12,000 kwa mwezi kwa nyumba zote mbili, tulizozikata katika magazeti na soda zetu za jioni. Dokezo lao la kwanza lilikuwa baya sana kwa lugha, lakini kwa hesabu lilitufunza mengi, nasi tunayaeleza hapa kama tulivyoyaelewa.

Kwanza, michezo hii hulipiwa kwa njia tatu. Iko inayolipiwa kila mwezi, kama kodi ya pango. Mfano wake mashuhuri ni World of Warcraft ya Marekani, iliyotoka mwaka 2004 na kufikia walipaji milioni 12 mwaka 2010. Huo huhitaji kompyuta, na ada yake ya mwezi, ambayo ni kama dola 15, inalizidi fungu letu lote kwa mbali. Tuliufuta mstari wa kwanza. Iko ya pili inayonunuliwa mara moja kama jembe, ikawa yako. Mfano ni Minecraft ya Uswidi, iliyotoka rasmi mwaka 2011, ambamo wachezaji hujenga nyumba na miji kwa vitofali. Ya tatu ni hii ya bure yenye duka ndani, nayo ndiyo iliyojaa katika simu za vijana wetu.

Tukiri kwamba moyo wetu uliuelekea ule wa Uswidi. Mtu wa Kibaha huwa na wepesi wa moyo kwa mambo ya watu wa Nodiki. Shirika la Elimu Kibaha, lenye shule, hospitali na mafunzo ya kilimo ambayo yameulea mji huu, lilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi hizo, likakabidhiwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Tukawaambia vijana, kwa mzaha, kwamba waliotujengea shule hawashindwi kutujengea mchezo. Tena kununua mara moja ni tabia ya mkulima: jembe halikudai kila mwezi. Lakini mpwa wetu aliinua simu yake. Nafasi iliyobaki ndani yake haikutosha, na hata ingetosha, ulimwengu wa vitofali unapoongezeka simu ndogo hupata moto na kuzima. Kununua kwenyewe kulitaka kadi ya benki, ambayo katika nyumba ya dada haipo. Tukaufuta mstari wa pili, kwa masikitiko.

Ikabaki michezo ya bure. Hapo tukajifunza jambo la pili, ambalo wazazi wengi hulidhani kinyume. Kucheza kwenyewe hakuli sana kifurushi. Vijana walipopima kwa simu zao, saa moja ya mchezo wa bunduki haikufika megabaiti mia moja. Kutazama video kwa saa hiyo hiyo kungekula mara kadhaa zaidi. Kinachofilisi ni maboresho. Kila baada ya majuma kadhaa wenye mchezo hubadilisha ramani, huongeza silaha, hupamba mandhari, na asiyepakua mabadiliko hayo haruhusiwi kuingia. Pakuo moja laweza kupita gigabaiti nzima. Mpwa wetu alikuwa akikesha macho hadi saa sita usiku ili atumie kifurushi cha usiku kwa sababu hiyo tu. Mchezo wa bure, basi, una kodi yake ya kichwa, na hutozwa kwa wakati usiotangazwa.

La tatu ni mbio za mawimbi. Mchezaji wa Kisarawe na mchezaji wa Kibaha hawawasiliani moja kwa moja. Kila kitendo chao husafiri hadi kwenye mitambo ya wenye mchezo, ambayo kwa kawaida iko ng'ambo, kisha hurudi. Tangu nyaya za baharini zilipofika Dar es Salaam, ule wa SEACOM mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010, safari hiyo imekuwa fupi kuliko zamani za setilaiti. Hata hivyo huhesabiwa kwa vipande vya elfu vya sekunde, na katika mchezo wa bunduki vipande hivyo ni uhai. Mwenye mtandao hafifu hufa kabla hajamwona aliyemwua. Mvua ikinyesha Kisarawe, mpwa wetu alikuwa akifa namna hiyo usiku kucha, na kundi likamwita mzembe.

Tuliposikia hayo tulikumbuka mchezo wetu wenyewe wa mbali. Tulipomaliza kidato cha nne mwishoni mwa miaka ya 1980, magazeti ya Uhuru na Mzalendo yalikuwa na kurasa za mashairi. Mtu wa Tanga alitupa fumbo, wa Kigoma akalifumbua, wa Lindi akamkejeli wa Kigoma, na malumbano yakaendelea kwa miezi kati ya watu wasiopata kuonana uso kwa uso. Wengine walijificha nyuma ya lakabu, kama wafanyavyo vijana hawa. Sheria zilijulikana, asiyejua mizani na vina alielekezwa kwenye kitabu cha Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Kiingilio kilikuwa karatasi, bahasha na stempu. Barua ikichelewa wiki mbili, shairi halikupungua nguvu. Na mizani haikununuliwa: mwenye duka na mwenye jembe walihesabiwa silabi zile zile. (Ingawa, tuseme kweli, aliyeweza kununua gazeti kila siku alijibu mapema kuliko sisi tuliolisoma kwa kinyozi.)

Kumbukumbu hiyo ilitupa maswali mawili ambayo hayakuwamo katika dokezo la vijana. Je, mchezo unasubiri? Na je, duka lake linauza nguo tu, au linauza nguvu?

Tuliyaweka majina yaliyobaki mbele ya maswali hayo. PUBG Mobile, uliotoka mwaka 2018, hushusha watu 100 kutoka angani juu ya kisiwa, wakauana hadi abaki mmoja au kundi moja. Mchezo mmoja waweza kuchukua nusu saa, na simu ya Kisarawe haiubebi. Call of Duty: Mobile wa mwaka 2019 ni mzuri wa macho na mzito vivyo hivyo. Free Fire, uliotoka mwaka 2017, ulikusudiwa tangu mwanzo kwa simu dhaifu: watu 50, dakika kumi hivi, umekwisha. Mwaka 2019 uliongoza michezo yote ya simu duniani kwa kupakuliwa, na mtu akitembea stendi zetu hashangai kwa nini. Clash Royale wa Ufini, wa mwaka 2016, hukutanisha watu wawili kwa dakika tatu na ni mwepesi kiasi. Lakini kadi za anayelipa hukua upesi kuliko za asiyelipa, na hapo tulisimama. eFootball ya Japani vijana waliipenda kwa moyo wote, ila kandanda lenye kuchelewa ni mateso, mpira hupita miguuni kama kivuli. Tulipendekeza na sataranji: tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2010, inaendeshwa kwa michango, haina matangazo, na vyote vya kuchezea ni bure kwa kila mtu. Hiyo ndiyo bure isiyo na sare. Walituangalia kwa heshima wanayopewa wazee, wakaendelea na mengine.

Hapo mabishano yakawa makali. Mwanetu alitaka wabaki katika mchezo wa kundi lake, akasema binamu yake atatafutiwa simu nyingine. Tukamwuliza, kwa fungu lipi? Hakujibu. Mpwa wetu ndiye aliyesema kwa sauti ndogo, "Tuchague ule unaoingia kwenye simu yangu. Yako inaingia yote." Katika maneno yote ya juma lile, hilo ndilo lililokuwa na uzito wa kanuni, nalo lilitoka kwa mkosaji. Sisi tuliokaa ofisini miaka thelathini tukipitisha mipango tulipaswa kulisema kwanza. Chombo hupakiwa kwa kina cha maji ya bandari itakayofikiwa. Tulikuwa tumemnunulia mmoja chombo kikubwa, au tumeacha anunuliwe, kisha tukashangaa kwamba mwenzake amebaki ufukoni.

Basi wakachagua Free Fire, wao wawili na wenzao wawili wa shule ya zamani walio na simu za kadiri ile. Masharti yalikuwa haya: Jumamosi, saa 2 hadi saa 3 usiku, maboresho hupakuliwa hapa Kibaha kwa mtandao wa chuo au hulipiwa kwa fungu lile lile, na dukani hapaingii mtu. Kuhusu saa, tuliwaambia kwamba Uchina mwaka 2021 iliwawekea watoto walio chini ya miaka 18 saa tatu tu kwa wiki, moja moja kwa usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Wakasema wao wamevuka umri huo. Tukasema sisi si Uchina na fungu letu ni la saa moja. Lililobaki katika shilingi 12,000 baada ya hesabu hiyo lilikuwa kama elfu nne, na vijana wakadhani tutalirudisha kwenye soda.

Lakini mpwa wetu alikuwa na ombi. Mama yake, akasema, hukaa siku nzima na mguu juu ya kigoda, na jioni humuuliza, "Mnachekaga nini humo?" Akashindwa kumweleza. Alitaka mchezo mmoja ambao hata mama ataweza.

Bao lingefaa, na sisi ndilo tulilolitaja kwanza. Dada yetu hakupata kufundishwa bao. Utotoni mwetu uwanja wa bao ulikuwa wa wanaume chini ya mwembe, na wasichana walipita mbali. Alichokijua, na alichotushinda nacho kila likizo, ni ludo. Tulikuwa na ubao wa karatasi ngumu uliochakaa pembeni, kete tulizozichonga kwa vifuu baada ya zile za duka kupotea, na dadu tuliyoitikisa katika kikombe cha bati. Vijana wakatucheka, kisha wakatuonyesha kwamba ludo limo simuni. Ludo King, uliotengenezwa India mwaka 2016, ni mdogo kiasi cha kuingia simu ya Kisarawe bila kufukuza chochote. Mmoja hufungua chumba, huwapa wenzake namba, nao huingia. Watu wanne, rangi nne. Matangazo hujitokeza, nayo huudhi. Lakini mchezo huu husubiri: mawimbi yakiyumba, kete hukaa palepale ilipo, na hakuna anayekufa kwa mvua. Na dadu, kwa tunavyojua, haiuziki.

Mpwa wetu alirudi kwao na mchezo huo simuni. Jumatano iliyofuata, baada ya sala ya Isha, tukaingia chumbani wanne: dada na rangi nyekundu kama zamani, mwanawe kijani, mwanetu njano, nasi buluu. Mkewetu aliketi pembeni akishangilia upande wa wifi yake, jambo ambalo hatukulipenda. Dada alikuwa akishika simu mbali na macho na kuuliza kila mara, "Nibonye wapi?" Alipoelewa pa kubonya, alitula kete mbili mfululizo.

Kidonda kilifunga mwezi wa Agosti. Nauli ya kliniki sasa hutumwa kwenye simu yake mwenyewe, ile ndogo ya vibonyezo, na mpwa wetu ndiye aliyetaka iwe hivyo. Askari mwenye mabawa bado yumo katika mchezo ule. Tulipomwuliza kama atamwuza, alisema mavazi ya mle hayauziki tena, yakishanunuliwa yamenunuliwa. Hajamfungua tangu Machi.

Kwa mwanetu hatukupata kuona toba ya wazi, wala hatukuidai. Ila usiku mmoja wa Jumamosi tulipita nyuma ya kiti chake tukakitazama kioo kile kipana. Kikosi cha watu wanne kilikuwa kimejipanga kabla ya kurushwa. Askari wote wanne walivaa fulana zile zile za bure, na hatukuweza kutambua yupi ni wa kwetu. Tukamwuliza. Akaonyesha kwa kidole bila kugeuka, akasema, "Huyu, baba. Na huyu wa pembeni ni yeye."

Tunayaandika haya usiku wa Jumatano, na karatasi imekatizwa mara tatu. Simu iliyo kando ya wino inatetemeka tena, na sauti ya dada inatoka ndani yake kwa ukali wa mtu aliyezaliwa kabla yetu: "Mdogo wangu, zamu yako. Umelala?"